Mfalme Akiangushwa, Nani Humfungulia Mlango?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, lililonakiliwa kama lilivyosemwa katika darasa la Kasansa

Leo nasema nanyi kutoka Kasansa, katika bonde la Mpimbwe, ndani ya darasa la jioni la watu wazima. Wenzangu hapa wameketi juu ya madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, na mkisikia vishindo ni mvua juu ya bati. Mpunga unaihitaji, kwa hiyo tutaivumilia.

Juma lililopita tulisoma habari za Nicholas wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi, ambaye Warusi walimwita Tsar. Tuliona jinsi alivyotolewa katika kiti chake mwaka 1917, na jinsi alivyouawa mwaka uliofuata pamoja na mkewe na watoto wake watano. Tulipokuwa tukifunga vitabu, mzee mmoja wa darasa hili aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, umetuambia ya kuwa mfalme wa Uingereza alikuwa ndugu yake huyo, naye alikuwa na manowari baharini. Mbona hakumchukua? Sisi watu wa Mpanda mwaka 1972 tuliona watu wa Burundi wanakuja na mikeka kichwani. Hawakuwa ndugu zetu. Wakapewa ardhi Katumba, wakalima. Huyu mfalme alishindwa nini?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, nami nilimwomba mzee anipe siku saba. Yaliyosemwa juu ya Katumba ni kweli tupu: makazi yale yalifunguliwa mwaka 1973, baadaye yakafuata ya Mishamo, na mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Basi swali la mzee ni la mtu anayejua anachouliza. Somo la leo ni jibu langu, nalo litatupeleka kwanza Urusi, kisha Unguja, kwa sababu Unguja yalitokea mambo yanayofanana sana na hayo.

Kwanza tuuelewe undugu wenyewe. Chukueni kijiti mchore chini. Palikuwa na mfalme wa Denmark aliyeitwa Christian wa Tisa. Alikuwa na binti wawili tunaowahitaji leo. Mkubwa, Alexandra, aliolewa Uingereza, akamzaa George. Mdogo, Dagmar, aliolewa Urusi, akamzaa Nicholas. Waingereza wana neno moja tu kwa watoto wa namna hii, na neno hilo huchanganya kila mtu, kama vile mtoto wa shangazi, wa mjomba, wa mama mdogo na wa baba mkubwa wote ni sawa. Lakini sisi tunajua. Watoto wa mama wawili waliotoka tumbo moja ni ndugu. Mama yake Nicholas alikuwa mama mdogo wa George. Tena George alizaliwa mwaka 1865 na Nicholas mwaka 1868. Kwa hesabu yetu, George ni kaka.

Hata sura walifanana. Mwaka 1893, George alipooa, Nicholas alikwenda London harusini, na wageni wengine walimpa Nicholas mkono wakidhani ndiye bwana harusi. Ziko picha zao wamesimama bega kwa bega, ndevu zimechongwa namna moja, na ni lazima uzitazame mara mbili.

Mke wa Nicholas naye alikuwa wa nyumba ile ile. Mama yake, Alice, alikuwa binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, na baba yake George alikuwa mtoto wa Victoria. Basi mke wa Tsar alikuwa mtoto wa shangazi yake George. Na Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, yule aliyetawala Tanganyika tangu mbali bila kuiona, alikuwa mtoto wa shangazi mwingine wa George. Wote hao walikuwa wajukuu wa Victoria. Mwaka 1914 wakaingia vitani, Kaiser upande mmoja, George na Nicholas upande wa pili, na mababu zetu wakabebeshwa mizigo ya vita hiyo katika nchi hii. Mtu anaweza kusema ilikuwa ugomvi wa ukoo mmoja uliochukua maisha ya watu wasioujua ukoo wenyewe.

Sasa mwaka 1917. Urusi ilikuwa imechoka na vita, mkate umeadimika mjini Petrograd, askari wamekataa kuwapiga watu. Tarehe 15 Machi Nicholas akaacha ufalme. Serikali mpya ya muda ilitaka aondoke salama, ikamwuliza balozi wa Uingereza kama nchi yake itampokea. Tarehe 22 Machi serikali ya Uingereza ikakubali.

Mpaka hapo mlango ulikuwa wazi. Aliyeurudisha alikuwa nani? Kwa miaka mingi watu walimlaumu waziri mkuu, Lloyd George. Katika miaka ya 1980 mwandishi mmoja wa maisha ya Mfalme George aliziweka hadharani barua zilizoonyesha mambo mengine. Katibu wa mfalme, Lord Stamfordham, aliiandikia serikali mwezi wa Aprili 1917, kwa amri ya bwana wake, akiomba ahadi ile iondolewe. Mfalme aliogopa. Wafanyakazi wa Uingereza walikuwa wakinung'unika, watu walimchukia mke wa Tsar wakimwona Mjerumani, na George mwenyewe alikuwa na jina la ukoo la Kijerumani. Tarehe 17 Julai 1917 alilibadili, nyumba yake ikaitwa Windsor, jina wanalolitumia mpaka leo. Mwaka mmoja kamili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, katika mji wa Ekaterinburg, Nicholas na jamaa yake waliamshwa usingizini, wakateremshwa chumba cha chini, wakapigwa risasi. Waliokufa ni watu 11: wao saba, na daktari, mtumishi wa kike, mpishi na mtumishi wa kiume ambao hawakukubali kuwaacha.

Nataka nimtendee haki George. Hata kama mlango ungebaki wazi, safari haikuwa nyepesi. Watoto wa Tsar walikuwa wamelala na surua mwezi ule wa Machi, na mabaraza ya wafanyakazi na askari yaliapa kwamba gari moshi lenye mfalme halitapita. Wako wanaosema hawangefika baharini. Huenda. Lakini hilo ni jambo la njia, na mzee wetu hakuuliza habari za njia. Aliuliza habari za mlango. Tena mwaka 1919 George alipeleka manowari, jina lake Marlborough, mpaka Crimea, ikamchukua mama yake Nicholas, yaani mama yake mdogo mwenyewe. Bibi mzee mjane hakumtisha mtu kitini. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu langu.

Haya, futeni mchoro huo. Tuchore mwingine.

Palikuwa na Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaid, aliyetawala Omani na Unguja pamoja. Alikufa baharini mwaka 1856, akitoka Maskati kuja Unguja. Watoto wake wakagombana. Majid alikuwa Unguja, Thuwaini alikuwa Maskati. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana mkuu wa Waingereza huko India, alikata shauri: kila mmoja abaki na nchi yake, na Unguja, iliyokuwa tajiri kwa karafuu na biashara, iilipe Maskati reale 40,000 kwa mwaka. Tangu siku hiyo ukoo mmoja ulikuwa na viti viwili.

Hapa mwangalie vizuri. Masultani wa mwisho wa Unguja hawakutoka kwa Majid. Walitoka kwa Thuwaini, yule aliyepewa Maskati. Harub alikuwa mtoto wa Thuwaini. Mtoto wa Harub, Khalifa, alizaliwa Maskati mwaka 1879, akaja Unguja akiwa kijana, akatawala tangu 1911 mpaka 1960. Khalifa alimzaa Abdullah, na Abdullah akamzaa Jamshid. Huko Omani walitawala watoto wa ndugu mwingine, Turki bin Said: akaja Faisal, akaja Taimur, akaja Said, akaja Qaboos. Hesabuni kwa vidole. Kutoka kwa Sayyid Said mpaka Jamshid ni vizazi vitano. Kutoka kwake mpaka Qaboos ni vizazi vitano pia. Ukoo mmoja, rika moja.

Na Uingereza je? Hawakuwa ndugu, bali walikuwa na mikataba. Tangu mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wao. Ulinzi huo ulikuwa na meno. Mwaka 1896 Khalid bin Barghash alipoingia jumba la kifalme bila idhini yao, manowari zao zililipiga jumba tarehe 27 Agosti kwa muda usiozidi saa moja, na watu kama 500 wakafa au kujeruhiwa. Khalid alikimbia mbio mpaka nyumba ya balozi mdogo wa Ujerumani, naye akampokea. Waingereza wakaweka askari nje wamkamate akitoa mguu. Wajerumani walingoja bahari ijae, wakaleta mashua mpaka ukingoni mwa nyumba, wakampakia bila kukanyaga barabara, wakampeleka Dar es Salaam. (Hapa darasa lilicheka.) Ndiyo, akili nyingi. Alikaa Dar es Salaam miaka mingi, mpaka Waingereza walipomkamata katika Vita Kuu ya Kwanza. Jamaa hawakumhifadhi huyu. Mshindani wa Mwingereza alimhifadhi, kwa faida yake mwenyewe.

Baada ya hapo masultani na Waingereza walikaa kwa adabu. Khalifa alikwenda London kwenye kutawazwa kwa wafalme mwaka 1937 na 1953. Mwaka 1956 Princess Margaret alikuja Unguja, akapokewa kwa shangwe. Ungeuona urafiki huo ungedhani ni udugu.

Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ikapata uhuru, Sultani akiwa Jamshid, kijana wa miaka 34, aliyekuwa kitini tangu Julai. Aliyemwakilisha Malkia Elizabeth kukabidhi uhuru huo alikuwa mume wake, Prince Philip. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Uhuru ule ulikuwa na ufa. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31. Watu waliopiga kura kwa wingi wakajikuta nje ya serikali, na wengi wao walikuwa maskini wa mashamba na wa Ng'ambo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, siku ya 33 ya uhuru, Mapinduzi yakatokea. Watu wengi waliuawa katika siku zile, hasa Waarabu, na hesabu yao wanahistoria hawajakubaliana. Somo la Mapinduzi lina haki ya kupewa siku yake. Leo tunamfuata mtu mmoja tu.

Serikali ya Sultani iliomba askari wa Kiingereza. Hawakuja. Ulinzi wa mwaka 1890 ulikuwa umekwisha mwezi mmoja tu kabla, na Waingereza hawakuwa tayari kuuanza upya. Jamshid akapanda meli yake, iliyoitwa kwa jina la babu yake, Seyyid Khalifa, akaondoka pamoja na jamaa zake.

Meli ikaelekea Mombasa. Sasa sikilizeni jambo hili, maana mimi nilipolisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Pwani ya Kenya, maili 10 kutoka baharini, kwa sheria ilikuwa mali ya Sultani wa Unguja. Waingereza waliikodi. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu pale Mombasa mpaka Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Jamshid alifika mbele ya mji uliokuwa wake kwa jina mwezi mmoja tu uliopita, na serikali ya Kenya ikamkataza kushuka.

Akageuka kusini. Aliyemruhusu kushuka ni Tanganyika. Dar es Salaam ilimpokea kwa siku chache, kisha akaruka kwa ndege mpaka Uingereza. Ni jambo dogo ambalo vitabu hulipita kwa mstari mmoja, lakini mimi nasema lina uzito wake. Sisi tulikuwa tumefuta kwa sheria utawala wa machifu wetu mwaka uliotangulia, 1963. Hatukuwa na sababu ya kumpenda sultani. Hata hivyo mtu mwenye watoto katika meli, asiye na bandari, alishuka.

Waingereza, waliokataa kumpigania, hawakukataa kumpa hifadhi. Alikaa Southsea, katika mji wa Portsmouth, mji wa bandari wenye upepo na mvua nyembamba. Si jumba la fahari, ni nyumba ya mtaani. Wapita njia wengi hawakujua ni nani.

Je, Omani? Hapo ndipo swali la mzee linaporudi na nguo nyingine. Ndugu wa ukoo walikuwa na nchi yao na kiti chao. Jamshid aliomba kwenda kuishi huko, naye alikataliwa, sababu iliyotajwa ikiwa ni usalama wa nchi. Baadaye, katika miaka ya 1980, watoto wake na jamaa zake waliruhusiwa kuhamia Omani. Yeye hapana. Waunguja wengine wa kawaida waliokimbia walipokewa huko kwa maelfu, hasa baada ya Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wakawa walimu, wahandisi na madaktari, na mpaka leo Kiswahili husikika katika mitaa ya Maskati. Mlango ulifunguliwa kwa wote hao, ukafungwa kwa mmoja.

Mzee wangu, nafikiri hili ndilo jibu. Mtu wa Katumba alikuja na mkeka na jembe. Hakudai kiti cha mtu. Lakini mfalme aliyeangushwa, hata akija mikono mitupu, huja na jina lake. Wanaomchukia humfuata, wanaompenda humfuata pia, na mwenye nyumba anaanza kujiuliza kama watu wake watatazama kiti kile kilichoanguka halafu wakitazame na chake. Ndugu wa mbali hana hofu kubwa kama ndugu wa karibu, maana ndugu wa karibu ana damu ile ile inayoweza kudai. Kwa hiyo George alimpa mlango mama mdogo akamnyima nduguye, na Maskati ikawapa mlango watoto ikamnyima baba yao. Hata Kaiser Wilhelm, alipoanguka mwaka 1918, aliyempokea si jamaa yake wa Uingereza bali Uholanzi, na Waholanzi wakakataa kumtoa. Alikufa huko mwaka 1941.

Mzee hapa anatikisa kichwa. Haya, Mzee, sema karibu na chombo.

"Nimekusikia, Mwalimu. Umeeleza kwa nini aliogopa. Kwamba ana udhuru, hilo sijakubali."

Vema. Tuliache hivyo.

Niliwaambia mlikumbuke jina la Philip. Mifupa ya watu wa Ekaterinburg ilipofukuliwa mwaka 1991, wataalamu walitaka kujua kama kweli ni ya jamaa ya Tsar. Iko alama katika mwili wa mtu ambayo hupita kwa mama tu: mama humpa mtoto, binti huwapa watoto wake, na kuendelea. Walihitaji mtu aliye hai wa tumbo lile la mke wa Tsar. Bibi mzaa mama wa Prince Philip alikuwa dada mkubwa wa mke wa Tsar. Philip akatoa damu yake, na mwaka 1993 wataalamu wakatangaza kwamba alama ni moja. Mtu yule yule aliyesimama Unguja usiku wa uhuru, mbele ya sultani wa mwisho, ndiye aliyewapa wafu wa Urusi majina yao. Walizikwa St Petersburg tarehe 17 Julai 1998, miaka 80 kamili baada ya kuuawa. Watoto wawili waliokosekana walipatikana mwaka 2007.

Naye Jamshid alingoja. Qaboos alifariki Januari 2020, akatawala Haitham bin Tariq, wa ukoo ule ule na kizazi kile kile. Septemba mwaka huo Omani ikakubali. Mzee wa miaka tisini na ushei akapanda ndege kutoka Uingereza, baada ya miaka 56, kwenda katika nchi ambayo babu yake Khalifa aliiacha akiwa kijana. Aliishi huko miaka minne na kidogo. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95, akazikwa katika makaburi ya jamaa zake.

Saa yetu imekwisha, na mvua nayo imepungua, naona wenye baiskeli wanatazama mlango. Kila darasa lichore miti yote miwili ya ukoo katika daftari, na wenye majina ya Kiswahili bora kuliko yangu kwa kila udugu wayaandike pembeni wayalete. Juma lijalo tutakuwa Ziwa Tanganyika, na meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Usiku mwema.